Mfumo wa Faili Upi kwa Kompyuta za Makomeno? Majibu ya Maswali ya Kila Siku

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Kompyuta nyingi za mitumba zilizopo Lubumbashi hazina sifa za kupokea Windows 11, na wenye nazo wameanza kuwaomba mafundi wawawekee Linux, katika mojawapo ya distribusheni (aina) zake: Ubuntu, Linux Mint au Debian. Maswali yafuatayo kuhusu mfumo wa faili yanamhusu mwanafunzi wa mtaa wa Makomeno, humo Lubumbashi, mwenye laptopu moja, na vilevile mwenye kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi.

Mfumo wa faili ni nini?

Ni utaratibu ambao kompyuta hutumia kujua kila faili limekaa sehemu gani ya diski, linaitwaje, lina ukubwa gani na nani ana ruhusa ya kulifungua. Mwenye Windows haulizwi kitu, anapewa NTFS. Linux ina mifumo mingi, kwa hiyo kila distribusheni huteua mmoja uwe chaguo-msingi, yaani ule unaowekwa mtu akibonyeza “Endelea” bila kugusa kitu. Na karibu kila mtu hubonyeza “Endelea”. Ndiyo maana uteuzi huo ni dhamana kubwa: waundaji wanaamua kwa niaba ya watu ambao hawatawahi kuonana nao.

Distribusheni gani huweka mfumo gani?

Debian, Ubuntu na Linux Mint huweka ext4. Mfumo huu ulitangazwa kuwa tayari katika Linux 2.6.28, Desemba 2008, na Ubuntu ikauchukua mwaka uliofuata. Ukoo wake ni wa zamani zaidi: Mfaransa Rémy Card na wenzake walitoa ext2 mwaka 1993. Red Hat, inayohudumia mabenki na makampuni makubwa, huweka XFS tangu toleo lake la 7 la mwaka 2014. openSUSE ilihamia Btrfs mwaka huohuo, na Fedora ikafuata kwa kompyuta za watu binafsi katika toleo la 33, Oktoba 2020.

Mbona hawakubaliani?

Kwa sababu kila mmoja anaangalia wateja wake na mafundi alio nao. Red Hat iliondoa Btrfs kabisa katika toleo lake la 8, mwaka 2019, ilhali SUSE, kampuni iliyo nyuma ya openSUSE, inautegemea mfumo huohuo ili mtu arudishe kompyuta ilivyokuwa kabla ya sasisho lililoharibika. Mfumo wa faili usio na watu wa kuutunza hufa hata kama ulikuwa mzuri. Kwa mfano, ReiserFS iliwahi kuwa chaguo-msingi la SUSE. Mwaka 2025 iliondolewa kwenye Linux moja kwa moja.

Umeme ukikatika ghafla, mafaili yangu yatapona?

Kwa Lubumbashi hili ndilo swali linalotangulia mengine yote. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, hukatika bila taarifa, na laptopu ya mtumba mara nyingi ina betri iliyokufa, kwa hiyo inazimika sekunde ileile taa inapozimika.

Tuseme mwanafunzi anahifadhi tasnifu yake na umeme unakatika. Maandishi yake hayaendi diskini papo hapo. Kwanza hukaa kwenye kumbukumbu ya muda, na yanaweza kungoja humo hadi kama nusu dakika. Kinachokingwa na ext4 ni mpangilio wa diski. Kabla ya kubadilisha orodha ya mafaili, huandika kwenye daftari lake kile inachotaka kufanya, kama mwenye duka anayeandika deni kabla ya kutoa mzigo. Daftari hilo hukamilishwa takriban kila sekunde 5. Umeme ukirudi, kompyuta inalisoma, inamalizia kilichoandikwa kikamilifu na kutupa kilichokatikia njiani. Kazi hiyo huchukua muda mfupi, na mtu anaweza asijue kwamba imefanyika. Hata hivyo daftari hilo, kwa mpangilio wa kawaida, halinakili maandishi yenyewe. Tasnifu itafunguka, lakini aya ya mwisho inaweza kukosekana.

Mwaka 2009, ext4 ilipokuwa changa, watumiaji wa Ubuntu walikuta baadhi ya mafaili yamebaki na jina tu, ndani hamna kitu, baada ya kompyuta kuzimika ghafla. Theodore Ts'o, msimamizi wa ext4, aliandika marekebisho yaliyoingia katika Linux 2.6.30. Kinga tunayoitegemea leo imetokana na malalamiko ya watu wa aina yetu, waliozimikiwa mashine kazini.

Btrfs hutumia njia nyingine: haiandiki juu ya data ya zamani, huandika mpya pembeni kisha ndipo inaigeuzia anwani. Ni njia nzuri, mradi diski iseme kweli inapodai kwamba imeshaandika. Diski nyingine hudanganya, na hapo Btrfs inaweza kukataa kufunguka kabisa.

Lakini si Btrfs ni ya kisasa zaidi?

Ni kweli, na sifa zake ni za haki. Hukagua kila kipande cha data kwa hesabu maalumu, hivyo diski inayooza hukuarifu kabla hujapoteza zaidi. Ext4 haikagui yaliyomo ndani ya mafaili yako. Btrfs pia inaweza kubana data ili diski ndogo ibebe zaidi. Kwa mwenye diski mpya ya SSD, betri nzima na fundi anayeijua, sina kinyongo nayo.

Hofu yangu ni siku ya ajali. Ext4 ikiharibika, fundi yeyote anaweza kuwasha kompyuta kwa flashi yenye Linux, kuendesha e2fsck, programu ya kuikarabati, na mara nyingi akaokoa kitu. Kwa Btrfs, maelekezo ya waundaji wenyewe yanaonya: usiendeshe amri ya kukarabati kabla ya kushauriwa na mjuzi. Mjuzi huyo anapatikana wapi Makomeno saa mbili usiku, na tasnifu inatakiwa kesho? Kwa sababu hiyo naona Debian na Ubuntu zimewatendea haki watu wetu kwa kubaki na ext4.

Na XFS?

Ni imara, hasa kwa mafaili makubwa ya seva. Ila haipunguziki kwa urahisi ukitaka kuigawia Windows nafasi baadaye. Kwa laptopu ya nyumbani, iache.

Niweke ext4 kwenye flashi pia?

Hapana. Windows haiisomi bila programu ya ziada, na flashi yako lazima ifunguke kibandani unakochapishia. Tumia exFAT. FAT32 nayo husomeka kila mahali, lakini haipokei faili moja linalofika GB 4.

Nitajuaje ninao upi sasa?

Fungua dirisha la amri, andika *df -T*, kisha tazama safu ya pili kwenye mstari unaoishia na alama /.

Ninaweza kubadilisha bila kuweka mfumo mzima upya?

Kwa mtu wa kawaida, jibu ni hapana: kubadilisha mfumo wa faili kunafuta sehemu hiyo ya diski. Kwa hiyo kabla hujamkabidhi fundi kompyuta, nakili picha, tasnifu na hesabu zako kwenye diski nyingine, uzifungue huko uone zinasomeka, ndipo umruhusu aanze kazi. Fanya hivyo hata kama anakuhakikishia kwamba hakuna kitakachopotea.