Mtoto Akiumizwa, Usingoje Kikao

Msimu wa kuamia ndege, wazazi wengi wa Ndungu wako kwenye majaruba ya mpunga tangu alfajiri, na wadogo huachiwa jirani, binamu au msaidizi wa kazi. Wengi wao ni watu wema. Ila anayemuumiza mtoto mara nyingi ni mtu anayemfahamu, ndiyo maana familia huona aibu na kutaka kuyamaliza nyumbani.

Tafadhali usingoje kikao cha ukoo. Mtoto aliyebakwa au kulawitiwa afikishwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dawa za kumkinga na VVU huanzishwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu zake. Asiogeshwe kwanza. Nguo zake zisifuliwe. Zifungwe kwenye karatasi au khanga safi, si mfuko wa plastiki. Fomu ya PF3, ya matibabu na uchunguzi wa daktari, hutolewa polisi, lakini mtoto mwenye hali mbaya atibiwe kwanza.

Kipigo nacho huacha alama. Mwaka 1962, daktari wa watoto wa Marekani, C. Henry Kempe, na wenzake walionyesha kwamba baadhi ya watoto wanaoletwa hospitali wamevunjika mifupa walikuwa wamepigwa na walezi wao. Tangu hapo madaktari hutazama kwa jicho kali zaidi. Mtoto ambaye hajaanza kutambaa ni nadra kupata michubuko kwa kucheza. Alama masikioni au shingoni si kawaida ya kuanguka.

Lakini watoto wengi waliodhalilishwa kingono hawakutwi na jeraha lolote. Daktari akisema hakuona alama, hajasema mtoto ni mwongo! Mwache aeleze kwa maneno yake, bila kumhoji tena na tena.

Madaktari bingwa wa watoto wako mbali, kama hospitali ya KCMC, Moshi. Anza na tabibu aliye karibu, naye atatoa rufaa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila anayejua haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa. Piga 116, ni bure, au nenda kwa afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto polisi.

Kwa mtoto mwenye ulemavu au asiyeweza kusema, daktari anakutegemea wewe. Mweleze kilichobadilika: ameanza tena kukojoa kitandani, analia akivuliwa nguo, anamkimbia mtu fulani. Na mtaje mtu huyo.