Bima au Fundi wa Jua Kali?

Wanachama wenzangu, neno "bima" lilitujia kutoka Bara Hindi, na "fidia" kutoka Uarabuni. Maneno haya huandamana, lakini si kila mwenye bima hupata fidia.

Hebu tuchukue mfano. Mzee fulani ana gari la thamani ya shilingi 800,000 lenye bima ya komprehensivu, yaani ile inayofidia hata gari lenyewe. Amegonga nguzo ya lango. Bampa na taa zimevunjika. Fundi wa Barabara ya Kirinyaga, Nairobi (wengi bado huiita Grogan), anataka 18,000. Mkataba wa bima nao unasema katika kila ajali mzee abebe mwenyewe asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Piga hesabu: 20,000! Akidai hapati hata ndururu, na huenda akapoteza lile punguzo wanalopewa wasiodai. Basi na aende kwa fundi.

Lakini je, boneti ikifunguliwa ikaonekana rejeta imepasuka na chesisi imepinda, bei ikaruka hadi 90,000? Hapo bima ingelipa 70,000, ila mkaguzi wake sharti alione gari kabla halijatengenezwa. Kwa hivyo kampuni iarifiwe mapema. Fundi akadirie tu, nyundo ingoje.

Mwenye bima ya thadi pati, ambayo ndiyo ya lazima kwa mujibu wa Sura ya 405 ya sheria za Kenya, hana la kuchagua: gari lake atalitengeneza mwenyewe. Na kama kuna mtu aliyeumia, mambo ya kuelewana kando ya barabara hayapo. Ni polisi moja kwa moja, aandikishe ripoti.