Kuweka Mchoro wa Nje Juu ya Picha: Mwongozo kwa Wahudumu wa Steshenari na Studio, Tinde

Mwongozo huu unawahusu wahudumu wa steshenari na studio za picha hapa Tinde, barabara ya Nzega inapogawanyika, moja ikienda Shinyanga na Mwanza, nyingine Isaka na Kahama. Kazi yenyewe inajulikana: picha ipo kwenye kompyuta, na mteja anataka nembo, ua au mchoro uliotoka kwingine ukae juu yake. Kuuingiza hakuchukui dakika. Kazi nyingi huharibika mapema zaidi, faili linapopokelewa.

Kupokea faili

Nembo iliyotumwa WhatsApp kama picha imeshabanwa. Mwombe mteja aitume upya kama hati. Kwa kadi, hesabu pikseli 300 kwa kila inchi: nembo ya upana wa sentimita 5 inahitaji pikseli 590 hivi. Ikiwa na chini ya nusu ya hapo, usiikuze. Mweleze mteja atafute nyingine. Bango linalosomwa kutoka ng'ambo ya barabara halidai hivyo. Pikseli 100 kwa inchi zinatosha.

Angalia pia aina ya faili. JPG huja na weupe wake wa nyuma. PNG inaweza kuwa wazi nyuma, lakini si kila moja: nyingi za mtandaoni zinazoonyesha vimiraba vya kijivu zimechorewa vimiraba hivyo humohumo. Kama nembo ilitengenezwa na mbunifu, ombeni SVG au PDF yake ya awali.

Kuingiza

Katika Photoshop, fungua kwanza picha kuu, kisha nenda File, halafu Place Embedded. Mchoro utaingia ndani ya fremu. Vuta kona mpaka ukae vizuri, kisha bonyeza Enter. Kwenye matoleo ya zamani shikilia Shift unapovuta, vinginevyo nembo itatanuka upande mmoja. Mchoro ulioingizwa hivi hutunza pikseli zake zote, hata ukiupunguza leo na kuurudisha kesho. Ukinakili na kubandika kwa mazoea, pikseli ulizopunguza hazirudi.

Place Linked iepukeni. Hiyo huelekeza tu mahali faili lilipo, na kazi ikipelekwa Kahama kuchapwa huku nembo imebaki kwenye flashi yako, mchapaji hana cha kuchapa.

Wanaotumia GIMP, ambayo ni ya bure, waende File, kisha Open as Layers. SVG huuliza ukubwa kabla ya kuingia. Andika ukubwa utakaouhitaji au zaidi. Kazi ikikamilika hifadhi nakala yenye leya zake, PSD au XCF, kwa kuwa mteja wa kadi za harusi hurudi kubadilisha tarehe.

Michoro ya mkono

Hapa ndipo ufundi unapoonekana. Chukua mfano wa bango la mashindano ya ngoma za Bagika na Bagalu: mteja analeta chatu aliyechorwa kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari, na anamtaka juu ya picha ya wachezaji. Tumia skana. Ikibidi simu, laza karatasi karibu na mlango, mchana, kivuli cha mkono wako kisiiguse. Baada ya kumwingiza, fungua Levels na usogeze alama ya kulia kuelekea kushoto mpaka karatasi iwe nyeupe na mistari ya daftari ipotee. Kisha badilisha leya iwe Multiply. Weupe wote utatoweka, wino ubaki.

Njia hii inafaa juu ya anga au vumbi la uwanja. Juu ya nguo nyeusi chatu atamezwa, na hapo hakuna njia ya mkato: mkate kwa maski. Kifutio kiacheni, maana kilichofutwa na kuhifadhiwa kimekwenda.

Mchoro ni wa nani?

Aliyemchora chatu analindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999, awe amesajili COSOTA au hapana. Picha iliyopakuliwa mtandaoni nayo ina mwenyewe. Kwa nembo ya kampuni ya mgodi kwenye kadi ya mzabuni, ombeni barua ya kampuni. Nembo ya Taifa ina sheria yake ya mwaka 1971. Haiwekwi kwa sababu tu mteja anaipenda.

Liko ombi moja la kukataliwa papo hapo: muhuri na sahihi ya ofisa kutolewa kwenye barua moja na kuwekwa kwenye nyingine. Kughushi ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, na aliyekaa kwenye kompyuta anaweza kuunganishwa na aliyemtuma. Mteja akisema ametumwa na ofisi, mwambie mwenye sahihi aje mwenyewe.