Mtoto Akipata Negatifu Ubelgiji, Bukavu Itume Nini?

Ndugu yako aliyeomba hifadhi Ubelgiji akikuandikia kwamba amepata negatifu, yaani ombi lake limekataliwa, muulize kwanza: barua uliipokea tarehe gani? Kamishna Mkuu wa Wakimbizi akikataa, rufaa huenda kwenye Baraza la Mashauri ya Wageni, Brussels. Kwa miaka mingi muda umekuwa siku 30 kwa kesi ya kawaida, na siku 10 kwa kesi za haraka au za aliyefungiwa kituoni. Sheria mpya za Umoja wa Ulaya zinatumika kuanzia Juni 2026, kwa hiyo afuate muda ulioandikwa kwenye barua yake mwenyewe, wala asiende kwa hesabu za rafiki aliyefika zamani. Amwone avoka wa bure, yule wa pro deo, siku hiyohiyo.

Kisha avoka amsomee sababu za kukataliwa moja baada ya nyingine, naye awaambie nyumbani. Wengi wetu hukwama hapa: hawaaminiki kuwa ni watu wa Bukavu, au kwamba waliishi huku hadi karibuni. Jambo hili lina uzito mkubwa, maana sheria humlinda hata asiyewindwa yeye binafsi, ikiwa anatoka mahali ambapo vita vinaweza kumuua yeyote. Baraza hutazama hali ilivyo leo. Aliyeondoka kabla waasi wa M23 hawajaingia Bukavu Februari 2025 anaweza kuyaeleza hayo pia, lakini kwanza athibitishe kwamba ni mtu wa Bukavu, wa Ibanda, Kadutu au Bagira.

Basi fungueni sanduku la nyumbani. Tafuteni karatasi za matokeo ya shule, cheti cha ubatizo, kadi ya mpiga kura, risiti za kodi ya nyumba, picha za harusi ambamo mtaa unaonekana. Vitu hivi vidogo vya kweli navithamini kuliko hati ya kutafutwa yenye mihuri mitano. Msinunue hati. Maofisa wa kule wanajua vizuri kwamba kwetu karatasi huuzwa, na moja ya uongo huichafua hadithi nzima ya kweli.

Barua ya mama au jirani haina nguvu sana peke yake, ila isaidiwe: iwe na tarehe, sahihi na kopi ya kitambulisho cha mwandishi, na iseme alichokiona kwa macho yake tu. Mkituma karatasi zenyewe, mwambieni atunze bahasha, kwa sababu inaonyesha zilikotoka.

Tena nawasihi, kwa usalama wenu: asiende mtu ofisini hapo Bukavu kuomba karatasi inayosema mtoto wake alikimbia waliouteka mji. Pigeni picha mlichonacho, tumeni, kisha futeni kwenye simu.

Baraza linaweza kumpa hifadhi, kukubaliana na Kamishna, au kufuta uamuzi na kumrudishia Kamishna achunguze upya. Likikataa, hubaki mahakama kuu ya kiutawala, Conseil d'État, ambayo hupima kama sheria ilifuatwa na haipokei ushahidi mpya wa maisha yake. Kila kitu kimfikie avoka kabla ya kikao cha Baraza. Kikichelewa, itabidi afungue ombi jipya, na ataulizwa kwa nini hakukileta mapema. Hivyo andikeni siku mlipokipata na nani alikileta.