Umealikwa Kijijini, India ya Kaskazini? Vidokezo 12 Kabla Hujafunga Begi

Wenzetu wengi wa Afrika Mashariki huenda India kutibiwa Delhi, au kusoma katika vyuo vya Punjab, Haryana na Uttar Pradesh. Wanarudi wakiijua hospitali, hosteli na maduka ya Karol Bagh. Halafu kuna yule mwenye bahati, ambaye mwenzake darasani humwambia: "Likizo hii twende kwetu." Na kwao si mjini. Ni kijiji cha ngano na miwa, mashamba yamelala tambarare mpaka macho yachoke.

Ukialikwa, nenda. Vidokezo hivi ni vya vijiji vya bonde lile la mito Sutlej, Yamuna na Ganga, ambalo ndilo ghala la chakula la India. Ila fahamu jambo moja mapema: unadhani unakwenda kutazama kijiji, kumbe ni kijiji kitakachokutazama wewe. Ukishalikubali hilo, mengine yote ni mepesi.

1. Panga safari kwa kalenda ya mkulima

Ngano hupandwa Novemba na kuvunwa Aprili. Mpunga hupandikizwa Juni na Julai, mvua za monsuni zinapoanza, na huvunwa Oktoba. Wakati mzuri kuliko yote ni Februari hadi katikati ya Machi: baridi imelegea, ngano ni ya kijani, na mashamba ya haradali yangali na maua ya manjano. Ukienda katikati ya Aprili utakuta mavuno na, kwa Wapunjabi, sikukuu ya Baisakhi.

Mei na Juni usijaribu kama huna dharura. Joto hufika nyuzi 45, na mchana huvuma upepo mkavu uitwao *loo* unaochoma uso. Mwishoni mwa Desemba na Januari shida ni ukungu: treni huchelewa kwa saa kadhaa, na ndani ya nyumba hamna kipasha joto. Mwenye pumu akwepe pia mwisho wa Oktoba na Novemba, kwa sababu wakulima wa Punjab na Haryana huchoma mabua ya mpunga ili wawahi kupanda ngano, na moshi wake hufika hadi Delhi.

2. Maliza mambo ya karatasi

Ukitoka nchi yenye homa ya manjano, cheti cha chanjo ni lazima, na sindano iwe imechomwa angalau siku 10 kabla ya kufika. Lipo na jingine ambalo wageni wengi hawalijui: anayemlaza raia wa kigeni nyumbani kwake anatakiwa kisheria kutoa taarifa serikalini ndani ya saa 24, na hiyo hufanyika mtandaoni. Mkumbushe mwenzako mapema na umpe nakala ya pasi na viza. Mkipuuza, atakayeitwa polisi kujieleza ni baba yake.

3. Fika mchana

Treni itakushusha mji wa wilaya. Kutoka hapo utapanda bajaji ya kuchangia, ambayo haiondoki hadi ijae, na kujaa kwenyewe dereva ndiye anayejua maana yake. Miwa huvunwa kuanzia Novemba hadi Aprili, na siku hizo barabara za Uttar Pradesh ya magharibi hufungwa na matrekta yanayokokota tela zilizofurika miwa kuelekea kiwandani, mengi yao hayana taa za nyuma. Hiyo peke yake ni sababu ya kutosafiri usiku.

4. Jua salamu ya mahali

*Namaste* itakuvusha popote, lakini kijijini huko Haryana na Uttar Pradesh ya magharibi utasikia zaidi *Ram Ram*. Kwa Masingasinga wa Punjab ni *Sat Sri Akal*. Kwa Waislamu ni *Assalamu alaikum*, na hiyo huhitaji kufundishwa.

Vijana huinama kugusa miguu ya wazee. Mgeni halazimiki, unganisha viganja kifuani, inamisha kichwa kidogo, inatosha. Mwanamume asimnyooshee mwanamke mkono. Na mtu mzima haitwi kwa jina tupu: kaka ni *bhaiya*, dada mkubwa ni *didi*, baba mdogo ni *chacha*, bibi mzaa baba ni *dadi*. Ongeza *ji* mwishoni na utapendwa kabla hujakaa.

5. Angalia unapokaa

Utakaribishwa kwenye *charpai*, kitanda cha kamba kilichowekwa uani. Upande wa kichwani ni wa mzee. Kijana hukaa miguuni. Kaa miguuni bila kuambiwa. Wakikusogeza kichwani, kataa mara moja, kisha kubali. Viatu viache mlangoni, hasa ukiingia jikoni.

6. Kula, lakini ujue breki

Kaya nyingi hapa hazili nyama kabisa, na nyingine hata yai haliingii jikoni. Usibebe nyama ya kopo. Kuchinja ng'ombe ni kosa la jinai katika majimbo haya, kwa hiyo hadithi za mishikaki ya kwenu zibaki kwenu.

Nyama hutaitamani hata hivyo. Majira ya baridi utapewa mikate ya unga wa mahindi kwa mboga ya majani ya haradali, na donge la siagi likiyeyuka juu. Mtu aliyekulia ugali na mchicha hahitaji kuelezwa hapo. Kuna dengu, kuna mtindi, kuna chai ya maziwa mazito yenye tangawizi, na kuna sukari guru ya moto kutoka kiwanda cha kienyeji pembeni ya shamba, ambako maji ya miwa huchemshwa kwenye makarai makubwa. Ikitokea mmeenda wakati wa kupika sukari guru, omba upelekwe.

Ugumu ni kuacha. Sahani ikibaki tupu huongezwa, na mwenye nyumba huona fahari kukushinda. Kusema "nimeshiba" hakusaidii. Wataona ni adabu tu. Funika sahani kwa kiganja, cheka, na usilegeze msimamo. Kula kwa mkono wa kulia. Na usimrambishe mwenzako kwenye kijiko au glasi uliyokwisha kuitia mdomoni: hata maji, wengi huyamimina kinywani bila kugusa chombo.

7. Kuwa tayari kuulizwa

Una umri gani? Umeoa? Mbona hujaoa? Baba yako ana shamba la ukubwa gani? Mshahara shilingi ngapi, na kwa rupia ni ngapi? Hayo ni maongezi ya kawaida, si upekuzi. Jibu kwa mzaha kama hutaki kujibu kwa ukweli.

Kuhusu rangi na nywele tuseme bila kupindisha. Huenda wewe ndiye Mwafrika wa kwanza kukanyaga kijijini hapo. Watoto watakufuata, wazee watakukazia macho, mtu ataomba kugusa nywele na wengine watapanga foleni ya selfi. Mara nyingi ni udadisi mtupu. Mara nyingine utasikia neno lisilopendeza, maana ubaguzi wa rangi upo India na Waafrika wanaosoma huko wanaujua. Usikubali kila ombi. *Bas*, yaani basi, imetosha, ukiisema kwa tabasamu inaeleweka. Na mwenyeji wako akiwa pembeni, mwachie yeye kazi ya kuwatawanya.

Silaha yako nzuri ni sinema. Kama wazazi wako walikuwa wakijazana kumtazama Amitabh Bachchan, sema. Taja *Sholay* ya mwaka 1975 na uone uwanja unavyochangamka. Punjab kuna na mlango mwingine: kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta zaidi ya vibarua 30,000 kutoka India kujenga reli ya Mombasa hadi Ziwa Victoria, na wengi wao walitoka Punjab. Ukitaja Kenya kwa wazee, kuna ambao watakuwa na la kusimulia.

8. Tabaka usiulize, lakini ufumbue macho

Kijiji kinaonekana kimoja, lakini mitaa yake imegawanyika kwa matabaka ya kuzaliwa, na jina la ukoo humtaja mtu kabla hajafungua kinywa. Sheria imepiga marufuku kumtenga mtu kama najisi tangu Katiba ya 1950. Mazoea yanakwenda kwa mwendo wake. Utaona nani anakaa kitandani na nani anachuchumaa chini, nani anapewa chai kwa kikombe cha nyumbani na nani kwa cha peke yake. Usihoji mbele ya watu ukamwaibisha mwenyeji. Lakini hakuna anayekuzuia kumsalimia kibarua kwa *ji* ileile uliyompa mwenye shamba.

9. Wanawake na kamera

Mwanamke aliyeolewa kijijini hapo huenda akafunika uso kwa mtandio mara mkwe wake anapoingia, na mgeni wa kiume hapiti ovyo sehemu wanakoshinda wanawake. Mgeni wa kike ana bahati zaidi: ataingizwa jikoni, na huko ndiko habari za kweli zilipo. Avae shalwari na kamiz, pamoja na mtandio. Mwanamume aache kaptula mjini. Picha ya mwanamke isipigwe bila ruhusa, na ruhusa iwe yake mwenyewe, si ya mumewe peke yake.

Mkienda gurudwara, yaani hekalu la Masingasinga, funika kichwa, vua viatu, na usiwe na sigara hata mfukoni. Chakula cha bure hutolewa kwa kila mtu aliyeketi sakafuni, tajiri na maskini safu moja. Mkate upokee kwa viganja viwili, na ulichopewa ukimalize.

10. Siku ya tatu shika jembe

Wahenga wetu walikwisha sema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa kijiji cha wakulima, usingoje kupewa. Omba kazi. Amka alfajiri ukakamue nyati, maana maziwa mengi hapa ni ya nyati wa kufugwa. Wale weusi wenye pembe zilizojikunja kama konokono ni Murrah, fahari ya Haryana. Utacheka, utapigwa mkia, na utakunywa chai ya maziwa uliyokamua. Wanawake watakuonyesha jinsi mavi ya ng'ombe yanavyochanganywa na makapi, yakapigwa kuwa mikate ya kuni na kuanikwa ukutani. Jaribu mmoja. Wako ndio utakaoanguka.

Kazini ndipo mkulima anapozungumza. Muulize bei ya ngano, na kama soko la serikali linanunua kwa bei ya chini iliyotangazwa. Atakueleza kwa nini wakulima wa Punjab, Haryana na Uttar Pradesh walipiga kambi mipakani mwa Delhi kuanzia Novemba 2020, mwaka mzima, hadi bunge likafuta sheria tatu za kilimo Novemba 2021. Muulize kisima kina kina gani. Tangu Mapinduzi ya Kijani ya miaka ya 1960, mbegu mpya na visima vya pampu vilijaza maghala, lakini maji ya ardhini yanazidi kushuka na pampu zinafuata chini. Muulize pia kwa nini mtu analala shambani na tochi: huko Uttar Pradesh, ng'ombe dume wasiouzika wala kuchinjwa huachiliwa, na usiku mmoja wanaweza kumaliza jasho la msimu.

Ukimwambia mnavyolima kwenu, na mvua ilivyowatupa mwaka gani, hapo umekoma kuwa maonyesho.

11. Maji, choo, umeme, pesa

Kunywa maji yaliyochemshwa au ya chupa. Ya pampu ya mkono waachie wenyewe waliozoea. Choo ni cha kuchuchumaa, na ndoo na kopo la maji vipo, kwa hiyo mtu wa kwetu hapotei. Umeme hukatika: beba tochi na pawabenki. Beba chandarua kama ni msimu wa mvua. Majira ya baridi utafunikwa kwa *razai*, mfarishi wa pamba mzito kiasi cha kukunyima kugeuka.

Pesa: hata muuza karanga hulipwa kwa kuskani simu, lakini mfumo huo kwa kawaida unataka akaunti ya benki ya India, na M-Pesa yako hapo ni pambo. Nenda na noti ndogondogo za rupia.

12. Zawadi, ya kwenda na ya kurudi

Nunua boksi la peremende za maziwa mjini. Kutoka nyumbani, leta korosho, karafuu au majani ya chai, na kanga kwa mama mwenye nyumba. Usilete mkoba wala mkanda wa ngozi: mara nyingi ngozi hiyo ni ya ng'ombe. Siku ya kuondoka, usiwape wenyeji pesa za malazi, utawavunjia heshima. Wanachokubali ni bahasha kwa mtoto mchanga au bibi harusi, na ndani yake kiasi kiishie na moja: rupia 101, au 501.

Na begi liache nusu tupu. Hutaondoka bila sukari guru, chupa ya achari na kopo la samli lililofungwa kwa mifuko ya plastiki kana kwamba ni dawa. Samli iweke kwenye begi la kupakiwa chini ya ndege, maana ukijaribu kuingia nayo mkononi, askari wa uwanja wa Delhi wataichukua mbele ya macho yako.