Tufyeke Mafunjo Kiasi Gani Mwaloni?

Sisi tunaokaa kando ya Ziwa Victoria barabara yetu ni maji. Dagaa, mahindi, hata mama mjamzito anayepelekwa hospitali, wote hupita kwa mtumbwi. Mwalo hauwezi kufungwa. Lakini je, tufyeke mafunjo kiasi gani?

Wengine husema, "Fyeka yote, konokono wa kichocho waishe." Ni kweli konokono hao hupenda majani yaliyo majini. Lakini mafunjo yana kazi kubwa. Mvua ikinyesha, huzuia matope na uchafu wa mashambani usiingie ziwani. Samaki wadogo hujificha humo.

Tena konokono haanzishi kichocho. Mayai ya kichocho hutoka kwa mtu, katika choo kikubwa au mkojo. Yakifika majini hutoa vijidudu vinavyoingia ndani ya konokono. Baada ya wiki kadhaa vijidudu vingi zaidi hutoka, huogelea na kupenya ngozi ya mtu, hasa mchana wa jua kali. Mbebaji mizigo anayesimama majini mpaka kiunoni yumo hatarini kuliko wote.

Basi fyekeni njia moja tu, mitumbwi miwili ipishane. Mafunjo ya pande zote mbili yaacheni. Jengeni gati la mbao, abiria wapande bila kulowa miguu. Choo kiwepo, lakini mbali na ukingo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kwa hiyo kabla ya kufyeka au kujenga gati, mwulizeni afisa mazingira wa wilaya. Oili chafu ya injini iwekwe katika debe, isimwagwe majini.

Gugu maji ni jambo jingine. Hilo lilitoka Amerika ya Kusini, na miaka ya 1990 liliziba mialo na bandari. Liopoeni kwa reki mkiwa ndani ya mtumbwi, maana konokono hushika mizizi yake. Msitie sumu: maji hayo ndiyo tunayochota.

Ukiona damu chooni au tumbo likiuma mara kwa mara, njoo zahanati upimwe. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli. Wabebaji mizigo na wavuvi waje hata kama hawajisikii wagonjwa.