Kuijua Ndege kwa Umbo Lake

Eropleni ipitapo juu ya shule, wanafunzi hutoka nje kutazama. Mmoja husema, "Ile ya Unguja," na mwingine, "La, ile ya Serikali." Ukiwauliza wamejuaje, watakuambia wameona rangi. Rangi ni nguo tu. Ndege yaweza kuuzwa leo ikapakwa rangi nyingine kesho, lakini bawa lake halihami. Basi yeyote atakaye kuzijua ndege na atazame mambo manne: bawa, injini, kiwiliwili na mkia.

Tuanze na ndege ambayo watu wa Tanga wameizoea kwa safari za Pemba, Unguja na Dar es Salaam, nayo ni Cessna Caravan. Bawa lake liko juu ya kiwiliwili, na kila upande mna mhimili mmoja uliolishikilia kutoka chini. Injini ni moja, puani. Magurudumu yake matatu hayakunjwi kamwe, na mara nyingi tumboni mna sanduku refu la mizigo. Sasa linganisha na Pilatus PC-12. Nayo ina injini moja puani, lakini bawa liko chini, magurudumu hukunjwa, na mkia wake una umbo la herufi T, yaani kibawa cha nyuma kimekaa juu kabisa ya usukani. Wako wanaojisifu kuwa hutambua kwa sikio. Ndege hizi mbili hutumia injini za ukoo mmoja, PT6 ya Kanada, kwa hiyo sikio peke yake halitoshi.

Kazi ngumu huja mwanafunzi afikapo Dar es Salaam na kuziona ATR za Precision Air na Dash 8 Q400 za Air Tanzania, ambayo ya kwanza ililetwa mwaka 2016. Zote mbili bawa juu. Zote mbili injini mbili zenye rafadha, yaani zile panga zizungukazo. Zote mbili mkia wa T. Hata watu wazima huzichanganya. Dawa yake ni kungoja magurudumu. Dash 8 ina miguu mirefu myembamba, ambayo huteremka kutoka katika nyumba za injini. Ya ATR ni mifupi, nayo hutoka katika vinundu viwili vilivyo ubavuni mwa tumbo. Ukiliona hilo mara moja hutalisahau.

Mahali pa kusimama ni jambo la upepo. Ndege hutua na kuruka ikiukabili upepo. Kwa hiyo upande itokeako siku za kaskazi waweza kuwa sio upande wa siku za kusi. Wavuvi wetu hawahitaji kufundishwa hayo.

Kila ndege ina alama iliyoandikwa ubavuni. Ya Tanzania huanza na 5H, ya Kenya 5Y, na ya Uganda 5X. Katika siku za ukoloni Tanganyika ilikuwa VR-T na Zanzibar VP-Z. Shirika la East African Airways, lililoanza kazi mwaka 1946 na kuvunjika mwaka 1977, lilikuwa mali ya nchi zetu jirani pamoja, na hilo lilionekana katika alama: katika Super VC10 zake tano, mbili ziliandikwa 5H, mbili 5X na moja 5Y. Shirika hilo lilianza na Dragon Rapide, ndege ya mbao na kitambaa yenye mabawa mawili, moja juu ya jingine. Baadaye lilirusha DC-3, yenye bawa moja, chini, na gurudumu dogo mkiani, hata ikisimama uwanjani hutazama mbingu. Wazee waliopanda ndege hizo wapo miongoni mwetu, lakini hawatakuwapo siku zote. Waulizeni sasa, mkaandike.

Mtu asidhani kwamba huu ni mchezo wa watoto. Tarehe 6 Septemba 1939, siku tatu tu baada ya Uingereza kuingia vitani, marubani wa Spitfire wa Kiingereza waliziangusha Hurricane mbili za nchi yao wenyewe, wakidhani ni za Wajerumani. Rubani mmoja akafa. Katika vita hivyo askari na raia walifundishwa kuzijua ndege kwa picha nyeusi tupu, zisizo na rangi wala alama. Kwa hiyo katika daftari lako andika tarehe, saa, upepo na umbo; na usipoitambua ndege, andika "sijui". Kubahatisha jina ni kuliharibu daftari zima.

Neno moja juu ya kamera. Kiwanja cha ndege ni mahali pa ulinzi. Usipige picha bila ruhusa, na ndege za jeshi ziache kabisa. Mwaka 2001 Waingereza kumi na wawili na Waholanzi wawili, watu wa mchezo huu huu, walikamatwa huko Ugiriki. Mwaka uliofuata walitiwa hatiani kwa mambo ya ujasusi, ndipo wakashinda katika rufani.

Zoezi. (1) Ndege imetokea baharini juu ya Raskazone. Bawa liko juu, injini mbili zina rafadha, mkia ni wa T, na magurudumu yameteremka kutoka ubavuni mwa tumbo. Ni ndege gani? (2) Bibi asema kwamba alipokuwa msichana aliona ndege ya injini mbili imesimama uwanjani, pua juu, mkia karibu na ardhi, nayo ilikuwa na bawa moja tu kila upande. Aliona ndege gani, na ni neno gani katika maelezo yake lililoiondoa Dragon Rapide? Majibu yatatolewa muhula ujao.